Maji ya rejeta yanapungua na hujui yanakopitia

Wadogo zangu mnaoanza kushika spana kwenye magari ya zamani, haya ni kwa ajili yenu. Hapa Tanga bado zipo Peugeot 504, Land Rover za Series na Datsun za miaka ya 1970, na wenyewe ni wazee wanaozipenda kwa dhati. Lalamiko wanalokuja nalo ni moja: "Fundi, kila siku naongeza maji, lakini chini ya gari hapadondoki hata tone." Fundi mgeni huwa na jibu tayari mdomoni: gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Naomba usilitamke haraka. Kufungua hedi ya injini ya zamani ni gharama kubwa kwa mwenye gari, bolti zilizoshikwa na kutu hukatikia humo humo ndani, na mara nyingi maji yalikuwa yanapita kwingine kabisa.

Maji yana njia tatu tu za kutoka. Yanatoka nje, au yanaingia kwenye silinda yakatolewa na ekzosi, au yanaingia kwenye oili. Jua kwanza ni njia ipi.

Lakini hata kabla ya hapo, hakikisha yanapotea kweli. Magari mengi ya umri huo hayana chupa ya akiba pembeni ya rejeta. Ukijaza mpaka shingoni injini ikiwa baridi, maji yakipata moto yanatanuka kwa kama asilimia 4. Kwa gari linalobeba lita 8 hiyo ni zaidi ya robo lita, na yote inatemwa nje kupitia kimpira cha shingoni. Kesho yake mzee anakuta yamepungua, anajaza tena, gari linatema tena. Jaza ubakize vidole viwili chini ya shingo, kisha mwambie asiongeze, aangalie tu kila asubuhi kabla ya kuwasha. Yakishuka kidogo yakatulia pale pale, gari ni zima, mrudishie funguo zake.

Yakiendelea kushuka, shika mfuniko wa rejeta uutazame vizuri. Mjini mifuniko iliyojaa madukani ni ya magari ya Kijapani, imeandikwa 0.9 au 1.1. Ile ya 0.9 ni karibu psi 13 (psi ni kipimo cha presha), ya 1.1 ni karibu psi 16. Magari mengi ya zamani yalitengenezwa kwa psi 4, 7 au 9 kutegemea aina na mwaka. Ukifunga mfuniko wenye nguvu kupita kiasi, unaisukuma rejeta ya shaba iliyochoka mpaka ifumuke kwenye maungio. Ukifunga uliolegea, au wenye mpira uliokauka, presha haikai. Kila psi moja huinua kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.5, kwa hiyo mfuniko mbovu unafanya maji yachemke mapema na kutoka kama mvuke gari likiwa njiani. Likiegeshwa, chini pakavu. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema gari halina tatizo Raskazone, ila akipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto anarudi rejeta ikiwa nusu. Kule juu, zaidi ya mita 1,300, maji ya sufuria yenyewe huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kabla ya kufika umeshaitesa injini kwenye mlima mrefu.

Mfuniko ukiwa sahihi, funga pampu ya kupimia presha. Injini iwe baridi, na usipite psi iliyoandikwa kwenye mfuniko. Mshale ukishuka, tafuta kwa tochi na kwa vidole. Uvujaji mdogo hukaukia kwenye bloku ya moto, hivyo usitafute maji, tafuta alama: ukoko mweupe, mchirizi wa kutu, au kijani kama mlitia kulanti, ile dawa ya kupozea injini. Tazama kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, na vile vifuniko vya bati ubavuni mwa bloku, hasa vya nyuma visivyoonekana.

Sehemu inayosahaulika kuliko zote ni hita. Magari haya yalitengenezwa kwa nchi za baridi, na Tanga nani anawasha hita? Lakini maji yanaweza kuwa yanaifikia hata kama haijawashwa miaka yote. Mzee mmoja wa Chumbageni alikuwa na 504 ambayo imeshatajiwa hedi gereji nyingine. Nilipenyeza mkono chini ya zulia upande wa abiria, ukatoka na unyevu wa kunata wenye harufu tamutamu. Tukaziunganisha zile hosi mbili za hita kwenye upande wa injini, tukaipita hita, na maji yakakaa.

Presha ikishuka na nje pakavu kabisa, sasa geukia ndani. Fungua plagi zote uzipange kwa mfuatano wake. Moja ikiwa safi kupita wenzake, kama imeoshwa, silinda hiyo inaingiza maji. Vitabu vya Ulaya husema moshi mweupe wa asubuhi ni kawaida. Kwa joto letu hautakiwi kukaa, kwa hiyo ukiuona unaendelea hata injini ikiwa ya moto, uchukulie kwa uzito. Thibitisha kwa ile dawa ya buluu iliyo ndani ya kichupa cha kupimia kinachowekwa shingoni mwa rejeta: ikigeuka njano, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hapo ndipo unaweza kumwambia mwenye gari habari ya hedi.

Kwa oili, usihukumu kwa utando wa maziwa chini ya kifuniko peke yake, maana safari fupi fupi nazo huuleta. Acha gari lilale usiku kucha, asubuhi legeza kidogo bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia.

Na kwa Peugeot 404 na 504 za petroli kumbuka hili: silinda zake ni mikono (sliivu), yaani mabomba ya chuma yanayochomolewa, yamezungukwa na maji, na yana mihuri chini. Muhuri ukifa, maji yanashuka kwenye oili hata kama gasketi ya hedi ni nzima. Ukiinua hedi, ikaze mikono hiyo kwa bolti zenye washa pana kabla ya kuzungusha injini. Usipofanya hivyo itanyanyuka, mihuri ya chini itaharibika, na utakuwa umelitia gari ugonjwa ambao halikuja nao.

Ukimaliza, suuza mfumo wote. Maji ya visima vyetu vya pwani yana chumvi, na ndiyo yaliyokula bati na alumini mpaka mkafika hapo. Tia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, kama yale ya betri, na umwachie mzee lita moja ya mchanganyiko huo huo ndani ya buti.