Siyo plastiki ya mifuko, dada

Dada, umeuliza kama hivi vifuko vya polima vya kubebea vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia) mwilini ni plastiki ile ile ya mifuko iliyopigwa marufuku Juni 2019. Hapana, usiogope. Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli; hata wanga wa ugali ni polima. PLGA, aina ya polima inayotumika sana kubebea dawa, huvunjika mwilini polepole, na sehemu ya mabaki yake ni asidi laktiki, ile inayoyapa maziwa mgando uchachu.

Kwa nini kifuko? Wewe ni wa Iringa, umeona togwa ikipikwa. Uji mzito unaachwa hadi uwe vuguvugu, ndipo kimea cha ulezi kinatiwa. Ukikoroga, mwiko unakuwa mwepesi mkononi, uji unalegea. Hicho ni kimeng'enya kinakata wanga. Ukikitia uji ukiwa bado unatokota, kimekufa, togwa hakuna. Vimeng'enya ni dhaifu hivyo, na mwilini huweza kukatwa na vimeng'enya vingine. Ndani ya kifuko cha nanomita 100 hivi (milimita moja ina nanomita 1,000,000) kimeng'enya kinakingwa, huku molekuli kinazozifanyia kazi zikipenya ukutani. Ugumu wote uko kwenye huo ukuta: ukibana sana hakuna kinachoingia, ukilegea kimeng'enya kinavuja.

Na si ndoto. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha kimeng'enya kilichovikwa nyuzi za polima ya PEG, kwa watoto wanaozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga. Hakikuwa na kifuko, ni nyuzi tu, lakini kilidumu kwenye damu muda mrefu zaidi kuliko kikiwa kitupu.