Ukungu, Kimo cha Uamuzi na Maswali Yenu

Barua zenu za masika ni nyingi, na karibu zote zinauliza jinsi ya kuingia kwenye ukungu ili kutua. Sijapata hata moja inayouliza jinsi ya kuacha kutua na kuondoka. Nitajibu nilizochagua, na mtanisamehe nikilirudia hilo.

Kapteni, chati inanitaka RVR (umbali ambao rubani anaweza kuona kwenye njia ya kurukia na kutua) ya mita 550 na mnara unasema 450. Naruhusiwa kushuka nikajionee mwenyewe? *Mwanafunzi wa leseni ya biashara, Nairobi*

Huruhusiwi. Nimelijibu swali hili mara nyingi na bado linarudi, maana yake watu wanatafuta jibu lingine. Kiambatisho cha 6 cha ICAO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kiko wazi: hushuki chini ya futi 1,000 juu ya uwanja, wala huingii hatua ya mwisho ya kukaribia, kama uoni uliotangazwa hautimizi kiwango. Najua utaniletea habari za Marekani, kwamba kule rubani wa ndege binafsi anaweza kuanza hata ripoti ikiwa mbaya. Ni kweli. Lakini Wamarekani haohao wamemkataza rubani wa shirika la ndege, kwa sababu nyuma yake wamekaa watu waliokata tiketi. Wewe unasomea kuwabeba hao.

Na RVR ikishuka baada ya mimi kupita futi 1,000? *Huyohuyo*

Endelea hadi kimo chako cha uamuzi, yaani pale ambapo lazima upae tena kama huoni taa wala njia. Bila kuviona, usiongeze hata futi moja chini yake.

Kwenye futi 200 naziona taa za kuongozea kutua, lakini njia yenyewe siioni. Nipae? *Rubani, Entebbe*

Hili ni swali zuri, na wengi wanaoogopa kuliuliza hawalijui jibu. Piga hesabu. Ukiwa futi 200 kwenye mteremko wa nyuzi 3, mahali unapolenga kugusa pako kama mita 1,150 mbele yako, na mwanzo wa njia uko kama mita 850. Kwa uoni wa mita 550 huwezi kuuona mwanzo wa njia hata macho yako yawe ya tai. Utakachoona ni taa, ambazo mfumo wake kamili huanzia mita 900 kabla ya njia. Walioandika kanuni walilijua hilo, ndiyo maana taa zikiharibika kiwango cha uoni kinapanda. Kwa hiyo uliza hali ya taa kabla hujaanza kushuka, usiulize ukiwa ndani ya wingu.

Sasa onyo ambalo hukuliomba. Taa zinakuambia kama uko kushoto au kulia, na kama mabawa yamelala sawa. Kimo chako hazikuambii vizuri. Kanuni ya Marekani inasema taa pekee zinakufikisha futi 100 juu ya eneo la kugusia, na huendi chini ya hapo mpaka uone taa nyekundu za mwisho wa mfumo, au njia yenyewe na alama zake. Kwa mwendo wa noti 140 (kama kilomita 260 kwa saa) unashuka kama futi 12 kila sekunde, kwa hiyo kutoka 200 hadi 100 una sekunde 8. Ndani ya sekunde hizo kosa ni lilelile kila mahali: rubani anaona mwanga, anafurahi, anasukuma pua chini kuufuata. Kama kioo kina mvua ni vibaya zaidi, kwa sababu maji hukufanya ujione uko juu kuliko ulivyo. Usiguse pua. Mwenzako abaki kwenye vyombo, asome kasi na kiwango cha kushuka kwa sauti mpaka mguse.

Nikiwa juu ya uwanja niliiona njia yote, nilipoingia fainali, hatua ya mwisho ya kukaribia, ikapotea. Ukungu ulikuja ghafla? *Arusha*

Haukuja, ulikuwepo. Ulipoangalia chini moja kwa moja, jicho lilipenya ukungu wa labda mita 30. Kwenye mteremko wa nyuzi 3, tabaka hilohilo linakuwa karibu mita 570. Usimwahidi mtu kutua kwa sababu ya ulichokiona ukiwa juu.

Bukoba wangekuwa na mitambo ya kutua kwa vyombo, wale watu si wangepona? *Msomaji, Mwanza*

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege aina ya ATR 42 iliangukia Ziwa Victoria ikienda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, 19 walikufa. Sitahukumu marubani kwenye safu hii, nao walikuwa miongoni mwa waliokufa. Mitambo nataka ijengwe, kila mkoa. Lakini usiamini kwamba mtambo unaamua. Oktoba 1988 Boeing 707 ya Uganda Airlines ilikuwa ikitua Fiumicino, Rome, usiku wenye ukungu. Majaribio 2 yalishindikana. La 3 walifuata utaratibu wa VOR, mtambo wa redio unaoonyesha mwelekeo tu, usio na mteremko wa kuongoza ndege chini, na uchunguzi ulikuta kwamba walipita kimo cha mwisho cha kushuka bila kuiona njia, tena bila kutajiana vimo inavyopasa. Waligonga majengo kabla ya kuufikia uwanja. Kati ya watu 52, 33 walifariki. Vyombo vilikuwepo, na kimo kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu: ukishindwa mara 2 kwa ukungu uleule, la 3 nenda kalifanye kwenye uwanja mwingine, na mafuta ya kufika huko uwe umeyabeba tangu asubuhi.

Naweza kutumia redio altimita, chombo kinachopima kimo kwa mawimbi ya redio, kujua kimo cha mwisho mahali pasipo na ILS, mtambo wa kuongoza ndege hadi njiani? *Soroti*

Usithubutu. Inapima ardhi iliyo chini yako sasa hivi, wakati njia iko mbele. Smolensk, Urusi, tarehe 10 Aprili 2010, kwenye Tu-154 ya rais wa Poland, kimo kilisomwa kwa redio altimita ndege ikiwa juu ya bonde. Namba ilionyesha wako juu, kumbe wako chini. Walikufa wote 96. Kabla yao ndege nyingine, Il-76, ilijaribu, ikashindwa, ikaenda kwingine.

Ndege yetu ilikaribia kugusa, mara ikapaa tena. Watoto walilia. Nimwandikie nani malalamiko? *Mama, Dar es Salaam*

Pole mama, na watoto pia. Usilalamike. Mwandikie rubani umshukuru.

Nahodha anasema "naiona", mimi siioni. Nina saa 300 tu, yeye ana maelfu. Nifanyeje? *Rubani msaidizi*

Sema "siioni, paa", kwa sauti, mara moja, halafu mikono yako iwe tayari. Saa zake hazisafishi ukungu ulio mbele ya kioo chako. Mkiwa ardhini mwombe mkubaliane neno moja, kwamba mmoja akilitamka mwingine anapaa, na maelezo yanafuata baadaye. Nahodha akikataa makubaliano hayo, kamweleze mkuu wa marubani kabla ya safari nyingine.

Nilipokuwa kiti cha kulia, miaka mingi iliyopita, nahodha wangu alisema "ninayo" nami nikaona weupe mtupu. Nilinyamaza kwa heshima. Magurudumu yaligusa, tukaegesha, abiria wakashuka wakituaga. Jioni nilimuuliza aliona nini pale kwenye futi 200. Akaniambia alidhani mimi ndiye nimeiona.