Kichwa Kimoja, Mikia Miwili: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Seli za NK

Barua za safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, na zote zinahusu seli za NK, yaani seli nyeupe za damu zinazoua seli zilizoingiliwa na virusi au zilizogeuka saratani bila kungoja kufundishwa adui. Tumezipunguza urefu, maswali tumeyaacha kama yalivyo.

Mwalimu wa baiolojia, Ujiji: *Salaam wataalamu. Wanafunzi wa kidato cha sita wameniuliza: kama seli za NK hazifundishwi adui, zinajuaje nani wa kuua? Naomba mnieleze umbo la vipokezi vyake, na jinsi ya kuvionyesha darasani bila kompyuta.*

Mwalimu, seli ya NK haimtafuti adui kwanza. Inakagua kitambulisho. Karibu kila seli ya mwili yenye kiini imevaa juu ya utando wake protini za HLA. Virusi vikiingia, au saratani ikianza, mara nyingi protini hizo hupungua, na seli T, yaani seli nyeupe zinazofundishwa adui, zikashindwa kuiona seli hiyo. NK nayo hugutushwa na ule upungufu wenyewe. Wazo hili lilitolewa na Klas Kärre wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka michache tu baada ya seli hizi kutambuliwa mwaka 1975.

Kipokezi kinachokagua kinaitwa KIR. Nje ya seli kina madonge mawili au matatu ya protini. Kila donge ni mnyororo uliokunjwa ukawa tabaka mbili zilizolaliana kama chapati mbili, zikashikizwa katikati na daraja la salfa. Chini ya madonge kuna shina fupi linalopenya utando, kisha mkia unaoning'inia ndani ya seli. Jina la kipokezi linasomeka kama namba ya gari: KIR2DL1 ina madonge mawili (2D) na mkia mrefu (L), KIR2DS1 ina madonge mawili na mkia mfupi (S).

Hapo kwenye mkia ndipo pa kukaa na wanafunzi kwa muda. Mkia mrefu una asidi amino (vipande vya kujengea protini) 76 hadi 84, na ndani yake kuna vituo viwili viitwavyo ITIM, kila kimoja kikiwa na asidi amino iitwayo tirosini. KIR ikishika HLA, tirosini hizo hubandikwa fosfati, kisha kimeng'enya SHP-1 huja kukaa hapo. Kazi yake ni kubandua fosfati kwenye protini zilizokuwa zinabeba amri ya kuua, hasa Vav1. Amri inazimwa. Mkia mfupi una asidi amino 39 tu na hauna ITIM hata moja. Badala yake, shina lake lina laisini, asidi amino yenye chaji chanya, katikati ya utando wa mafuta. Chaji haikai peke yake ndani ya mafuta, kwa hiyo inavutana na asidi aspatiki ya protini nyingine, DAP12, na DAP12 ndiyo yenye swichi ya kuwasha. Kwa hiyo vipokezi viwili vinaweza kufanana karibu kila kitu kichwani, yaani kwenye madonge ya nje, huku kimoja kikizima na kingine kikiwasha.

Sasa mfano wa darasani. Donge moja lina urefu wa karibu nanomita 4. Likuze mara milioni 10, litakuwa sentimeta 4, kama dagaa mmoja mkavu. Kwa kipimo hichohicho, seli ya NK ya mikromita 10 itakuwa na upana wa meta 100, yaani uwanja wa mpira mzima. Watoke nje wauone uwanja huku wameshika dagaa mkononi. Picha hiyo hawataisahau.

Finyanga madonge mawili ya udongo, sentimeta 4 kila moja, uyaunge kwa waya. Usiyanyooshe. Yapinde kama kiwiko, pembe ya kama digrii 70, maana KIR hushika HLA kwa kile kiwiko chenyewe, mahali donge la kwanza na la pili yanapokutana. Wanafunzi wengi huchora kipokezi kama mshale ulionyooka na kuigusisha HLA kwenye ncha yake, na hapo maelezo yote yanayofuata yanapotea. Utando uwe kipande cha godoro la sponji chenye unene wa sentimeta 4. Mkia mrefu uwe uzi wenye shanga mbili nyekundu. Kwa mkia mfupi, chomeka sumaku ndogo ya spika mbovu ndani ya sponji, uzi ukiwa mfupi na bila shanga, kisha tengeneza DAP12 ya pembeni yenye msumari. Udongo ukaushwe kivulini siku mbili, kwani ukianikwa juani hupasuka palepale kwenye kiwiko.

Na usisahau upande wa pili, mwalimu: seli kukosa kitambulisho peke yake hakutoshi kuifanya NK iiue. Lazima kuwe pia na ishara ya kuchochea. Kipokezi maarufu cha kazi hiyo ni NKG2D, pacha wawili wanaofanana wanaoshika protini kama MICA, ambazo seli huzionyesha juu yake ikiwa taabani. Kama gari, NK hupima breki (ishara ya kuzima) na mafuta (ishara ya kuchochea) kwa pamoja.

Mwanafunzi wa maabara, Kigoma mjini: *Shikamooni. Natenganisha seli kwenye damu, lakini tabaka nyeupe inachanganyika na nyekundu. Pia kingamwili ya EB6 imeniletea seli nyingi zenye KIR2DL1. Je, niandike kwamba seli hizo zina breki?*

Marahaba. Usiandike. EB6, kingamwili ya maabara ya kuweka alama kwenye seli, inashika KIR2DL1 na KIR2DS1 kwa pamoja, kwa sababu inatazama kichwa, na vichwa vya hao wawili vinafanana mno. GL183, kingamwili nyingine ya aina hiyo, nayo inashika KIR2DL2, KIR2DL3 na KIR2DS2. Kingamwili iko nje ya seli. Mkia, unaoamua kila kitu, uko ndani ambako haufiki. Kwa hiyo matokeo yako sahihi ni "KIR2DL1 au KIR2DS1". Ukitaka kujua ni ipi, pima jeni za mtu huyo kwa PCR (kipimo cha kunakili vipande vya DNA) yenye praima, yaani vianzishi, za kila jeni. Asiye na jeni ya KIR2DS1, basi alichoonyesha EB6 ni breki tupu.

Kuhusu tabaka kuchanganyika, kagua haya kabla ya kulaumu mikono yako. Damu ikae kwenye joto la chumba, isiingie friji, na ifanyiwe kazi ndani ya saa 24. Ikichelewa, seli za chembechembe (aina nyingine ya seli nyeupe) hulegea na kupanda kwenye tabaka yako. Izimue kwa kiasi sawa cha maji ya chumvi yenye bafa, kisha mimina mililita 4 polepole juu ya mililita 3 za Ficoll (kimiminika cha kutenganisha seli) yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, bomba likiwa limeinamishwa. Ficoll nayo isitoke kwenye friji moja kwa moja, kwani ikiwa baridi inakuwa nzito kuliko inavyotakiwa.

Zungusha kwa nguvu ya 400 g kwa dakika 30, breki ya mashine ikiwa imezimwa. Breki ikiwaka, bomba husimama ghafla na tabaka huvurugika. Mara nyingi kosa ni hilo tu. Na 400 g, yaani nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia, si mizunguko 400. Zidisha 0.00001118 kwa nusu kipenyo cha rota kwa sentimeta, kisha kwa mizunguko ya dakika moja iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota ya sentimeta 16 inahitaji mizunguko karibu 1,500 kwa dakika.

Unapohesabu, tafuta seli zisizo na CD3 (alama ya seli T) zenye CD56 (alama ya NK), lakini weka CD16 pia, yaani kipokezi ambacho NK hushikia kingamwili. Kwa watu walioishi na VVU muda mrefu bila dawa, sehemu ya NK hupoteza CD56 na hubaki na CD16. Ukitegemea CD56 peke yake utazikosa. Kinyume chake nacho kipo: NK iliyochochewa hukatwa CD16 yake na kimeng'enya ADAM17. Ukiona CD16 imeshuka ghafla, jiulize sampuli imesafiri vipi kabla ya kumwambia mtu ni mgonjwa. Na weka rangi ya kutofautisha seli zilizokufa, kwa sababu mfu hushika kila kingamwili unayompa.

Mkunga, Kasulu: *Kuna akina mama wanaambiwa seli za NK zinamshambulia mtoto tumboni na ndizo zinazoleta kifafa cha mimba. Ni kweli?*

Dada, si kweli, na maneno hayo yanaumiza mama bure. Mwanzoni mwa mimba, karibu asilimia 70 ya seli nyeupe zilizo kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi ni NK, na zipo kwa kazi ya ujenzi. Zinasaidia kupanua mishipa ya damu inayolisha kondo la nyuma. Seli za kondo hazivai HLA-A wala HLA-B, ila zinavaa HLA-C, ambayo nusu yake imetoka kwa baba.

HLA-C iko ya namna mbili, C1 na C2, na tofauti iko kwenye asidi amino moja tu, ya 80: asparajini kwa C1, laisini kwa C2. KIR2DL1 hushika C2. Mama mwenye jeni za KIR za kundi A pande zote mbili ana breki nyingi na vichochezi vichache mno. Akibeba mimba yenye C2, NK zake zinabanwa kupita kiasi, mishipa haipanuki vya kutosha, na hatari ya kifafa cha mimba inapanda. Kwa hiyo kasoro ni seli kufanya kazi kidogo, wala si kushambulia. Utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa akina mama wa huko kinga dhidi ya kifafa cha mimba ilihusiana na KIR2DS5, wakati Ulaya ilihusiana na KIR2DS1.

Kliniki kwako hakuna kipimo cha KIR cha kumwagiza mama, wala dawa ya kupunguza NK asipewe. Kazi yako inabaki ileile: presha ya 140/90 au zaidi baada ya wiki 20, protini kwenye mkojo, maumivu ya kichwa, kuona maruweruwe. Aliye kwenye hatari kubwa aonane na daktari mapema kuhusu aspirini ya miligramu 75 kwa siku, ianze kabla ya wiki 20. Hali ikiwa kali, magnesiamu salfeti isicheleweshwe.

Msomaji, Mwamgongo: *Sokwe wa Gombe nao wana vipokezi hivi?*

Wanavyo. Sokwe ana KIR kama sisi na ana protini inayolingana na HLA-C. Panya hana mpango huu; yeye hutumia vipokezi vya ukoo mwingine kabisa, Ly49, kwa kazi ileile. Sokwe wa Gombe wamebeba SIV, ndugu wa VVU, na taarifa ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti wa jeni zilizotolewa kwenye kinyesi cha makundi ya Kasekela, Mitumba na Kalande, bila kumgusa mnyama. Aina moja ya kitambulisho chao inayofanana na HLA-B*57 ya binadamu iliambatana na virusi vichache. Kwa binadamu, B*57 inashikwa na KIR3DL1, na huhusishwa na VVU kwenda polepole.

Tabibu, Uvinza: *Seli nyekundu za damu hazina HLA. Kwa nini NK hazizimalizi zote?*

Swali zuri sana, tabibu. Ni kwa sababu hazina pia vichochezi. Breki haipo, lakini mafuta nayo hayapo, basi gari halitembei. Kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*, kikiingia ndani, mambo yanabadilika: kingamwili hushika seli ile iliyoambukizwa, na NK huziona kingamwili hizo kwa CD16 na kuivunja seli. Kimelea nacho kina jibu. Huotesha juu ya seli nyekundu protini ziitwazo RIFIN, ambazo zina jeni zaidi ya 100. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba baadhi yake hushika LILRB1, breki nyingine ya NK. Baadaye ikaonekana kwamba nyingine hushika KIR2DL1, yaani kimelea kimejitengenezea kitambulisho cha kughushi.

Lakini RIFIN hizohizo hushika pia KIR2DS1, ile ya mkia mfupi, kwa kuwa kichwa ni kilekile. Kwa mtu mwenye jeni hiyo, kitambulisho cha kughushi kinawasha NK badala ya kuizima.