Marafiki wa kambi na wiki 13 za muhula

Ujumbe wa WhatsApp uliotumwa kwa simu iliyozimwa hungoja siku 30, kisha hufutwa. Muhula wa shule hapa Uganda ni wiki 12 hadi 13. Piga hesabu. Kijana ametoka kambi ya likizo Januari, ameacha simu kwenye kabati la mama yake, ameingia bwenini mwanzoni mwa Februari. Akirudi Mei hataona salamu za Februari wala za Machi. Ataona za Aprili tu, na rafiki aliyemwandikia mara nne atakuwa ameshanuna. Urafiki mwingi wa kambi hufa hivyo, bila ugomvi wowote: mmoja anaamini kapuuzwa, mwenzake hajui hata kwamba aliandikiwa.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana kambi za kiangazi mara moja kwa mwaka, lakini wengi wao wana simu mfukoni miezi yote inayobaki. Huku tuna likizo tatu: wiki tatu hivi mwezi wa Mei, nyingine tatu kati ya Agosti na Septemba, halafu karibu miezi miwili Desemba na Januari. Fursa ni nyingi kuliko zao. Taabu ni kwamba kati ya likizo na likizo mtoto wa bweni hapatikani. Kwa hiyo mipango yote ifuate kalenda ya shule, na sehemu kubwa yake ifanywe kabla watu hawajatawanyika.

Daftari kabla ya basi

Msikusanye anwani asubuhi ya kuondoka. Asubuhi hiyo kila mtu anatafuta beseni na godoro lake, dereva anapiga honi, na namba zinaandikwa kwenye viganja vya mikono. Fanyeni kazi hiyo siku moja kabla, mchana, mezani. Daftari moja gumu, kila mtu nusu ukurasa, na mwandishi awe mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Namba za simu za hapa zina tarakimu 10 zikianza na 07, na kosa la kawaida kuliko yote ni kukuta tarakimu tisa wakati mwenyewe ameshafika mbali, Kitgum. Msomeeni mwenye namba kwa sauti, kisha mtu abipu papo hapo kuhakikisha inaita.

Jina liwe lile la kwenye rejista ya shule. Kambini mtu anaitwa Pasta au Mrefu wiki nzima, na barua yenye jina hilo haitamfikia kamwe. Shule iandikwe kwa ukamilifu pamoja na mji wake, kwa sababu shule zenye majina ya watakatifu wale wale zimejaa nchi nzima. Darasa liwe lile analoingia. Kambi ya Januari ina mtego hapo: anayesema "niko S.2" (kidato cha pili) mara nyingi anamaanisha alikotoka.

Waliomaliza P.7 (darasa la saba la msingi) na S.4 (kidato cha nne) hawana shule bado. Matokeo na uchaguzi wa shule huja baadaye, na hao ndio hupotea kirahisi kuliko wote. Kwao weka alama ya nyota, kisha andika wilaya, kijiji au senta ya biashara ya nyumbani, na namba mbili za watu wazima wawili tofauti. Mama na shangazi ni bora kuliko mama mwenye laini mbili, maana simu ya mama ikiibwa zinapotea zote.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijakusanywa. Njia nyepesi ni kuongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kujiandikisha kambini: je, unakubali namba yako wapewe wanakambi wenzake? Asiyetia sahihi hapo, mtoto wake haingii kwenye orodha ya kugawiwa, na asiulizwe sababu. Nakala zitolewe kwa karatasi. Orodha isipigwe picha na kuwekwa kwenye status, jambo linalotokea kila mara watu wakiachwa wajifanyie wenyewe.

Karatasi ina faida nyingine pia. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Facebook ilibaki imefungwa hata baada ya hapo. Aliyekuwa na namba kwenye daftari alipiga simu ya kawaida. Aliyekuwa na marafiki wa Facebook peke yake hakuwa na pa kuanzia.

Simu inayobaki nyumbani

Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na sisi hatuwashauri wanafunzi wazifiche. Zitatwaliwa, na rafiki wa kambi ndiye atakayelaumiwa. Mshughulikie mzazi anayebaki na simu. Mwombe aiwashe kila baada ya wiki tatu, aiunganishe na intaneti kwa nusu saa hivi, kisha aizime. Hapo ujumbe wote uliokuwa ukingoja utaingia kwenye simu kabla siku 30 hazijatimia, na utabaki humo hadi mtoto arudi. Hahitaji kuusoma, ila simu yenye nywila lazima ifunguliwe ikishawashwa, la sivyo ujumbe hauingii. Kabla ya kuizima aache betri karibu nusu. Betri inayowekwa miezi mitatu ikiwa tupu kabisa huharibika.

Kuwasha huko kunaokoa na jambo jingine. Akaunti ya WhatsApp isiyoguswa kwa siku 120 hufutwa, na mwenyewe hutoka kwenye magrupu yote. Muhula mmoja haufiki huko. Lakini mtahiniwa wa S.4 akibaki shuleni likizo ya Agosti kwa masomo ya ziada, mihula miwili inaungana na kupita siku 180. Anarudi Desemba akiwa mgeni kwenye simu yake mwenyewe. Siku hiyo hiyo ya kuwasha, mzazi apige simu moja kwa laini ya mtoto, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine.

Laini ya kijana kwa kawaida imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi. Ikipotea, ni mzazi anayepaswa kwenda dukani kuirudisha, na vijana wengi huona usumbufu wakatafuta laini nyingine. Wekeni kanuni kwamba anayebadilisha namba huwatumia SMS watu watatu waliotajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na hao watatu huwaambia wengine.

Kwa upande wa anayetuma: alama moja ya kijivu maana yake ujumbe haujafika, si kwamba umedharauliwa. Ukiwa wewe ni wa kutwa na una simu, andika unayotaka kumwambia mahali pengine, kisha umtumie yote wiki ya mwisho ya muhula.

Grupu la kambi nzima hatulipendi sana. Watu 60, wiki ya kwanza ni picha na vicheko, wiki ya tatu ni viunganishi vya kubeti na sala za kusambaza kwa watu kumi. Wa bweni akirudi anakuta jumbe 900, anafunga, haandiki neno. Liacheni liwe la matangazo, viongozi pekee ndio wanaotuma, na mazungumzo yafanyike kwenye vikundi vya watu wanne hadi sita waliolala hema moja au waliopika zamu moja. Hakikisheni ujumbe wa kujifuta umezimwa. Palipo watoto pawe na watu wazima wawili, si mmoja, na kiongozi asichati na mtoto faraghani. Mtu wa mwisho akishaingia, badilisheni kiungo cha kujiungia, kwa sababu cha zamani kitazunguka.

Mkipata ujumbe wa "nimekutumia namba sita kimakosa, nirudishie", akaunti ya mwenzenu imeshatekwa. Namba hizo sita ndizo ufunguo wa akaunti yako. Kinachofuata huwa ni "nimekwama, nitumie elfu hamsini kwa mobile money". Mpigieni kwa sauti kwanza.

Kuhusu picha, zikusanyeni wiki moja baada ya kambi, zikiwa bado hazijafutwa kupisha nafasi. Zikitumwa kama nyaraka hazipungui ubora, ila zinakula bando, na tangu Julai 2021 bando lina ushuru wa asilimia 12. Ni rahisi zaidi kuzihamisha simu kwa simu mkiwa bado pamoja.

Unapompigia mzazi wa rafiki, piga kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku, na ukiandika, jitambulishe kwanza: "Mama, habari za jioni. Naitwa fulani, wa S.2 Mbale. Nilikuwa kambi moja na binti yako mwezi wa kwanza. Naomba anisalimie akifika likizo. Mama yangu anapatikana kwenye namba hii." Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Mvulana anayemtafuta msichana, mama yake ndiye aanze kupiga. Tunajua inaonekana ya kizamani, lakini inafanya kazi.

Barua bado inafika

Posta hapa kwetu hupeleka barua kwenye sanduku, si mlangoni, na shule karibu zote zina sanduku. Andika jina la rejista, darasa na mkondo, bweni, jina la shule, namba ya sanduku, mji. Nyuma ya bahasha weka anwani yako. Ndani tia bahasha nyingine tupu yenye stempu na anwani yako tayari. Wa bweni hana ruhusa ya kwenda mjini kununua stempu, na hiyo peke yake ndiyo sababu ya nusu ya barua zisizojibiwa. Pesa usiweke.

Chukulia kwamba itafunguliwa na mwalimu wa nidhamu au matroni. Mafumbo na "mpenzi wangu" ya utani humwingiza mpokeaji ofisini kujieleza. Tuma wiki ya pili na wiki ya saba. Baada ya wiki ya kumi ni mitihani, na barua hulala kwa karani hadi shule ifungwe. Muhula wa tatu usitegemee jibu kutoka kwa watahiniwa: P.7 wana mtihani mwanzoni mwa Novemba, S.4 huanza Oktoba, S.6 ni Novemba.

"Natumai u mzima wa afya kama nilivyo mimi" hula robo ukurasa bila kusema kitu. Uliza maswali mawili yenye jibu: nani alishinda uchaguzi wa viranja, maji yamerudi bwenini? Kinachodumu kuliko salamu ni hadithi ya kupokezana. Unaandika ukurasa mmoja, unakatia mahali pabaya, mwenzako anaendeleza. Wako wanaojaribu kucheza drafti kwa barua, hatua moja kila barua. Kwa barua mbili kwa muhula, mchezo utamalizwa na watoto wao.

Njia ya haraka kuliko posta ni siku ya wazazi kutembelea. Tazama kwenye daftari nani ana ndugu shuleni kwa rafiki yako, mpe mzazi wao bahasha. Maskauti na Girl Guides wana nafasi zaidi: tarehe 22 Februari huadhimishwa na vyama vyote viwili, na wikendi ya tatu ya Oktoba kuna JOTA-JOTI, ambapo maskauti duniani huzungumza kwa redio na intaneti. Muulizeni patroni mapema kama shule itashiriki. Ikishiriki, ni mawasiliano halali katikati ya muhula.

Kukutana likizo

Likizo ya wiki tatu ina Jumamosi moja tu ya maana, ile ya katikati. Wiki ya kwanza watu wanalala na kufua, ya mwisho ni kununua vifaa vya shule. Desemba, epukeni kuanzia tarehe 20 hivi hadi mwaka mpya, nauli hupanda kila upande, na hupanda tena shule zinapokaribia kufunguliwa.

Chagueni mji kwa kilomita, si kwa uzuri. Walioko Kampala na Mbale wakutane Jinja: Kampala ni kilomita 80, Mbale inakaribia 150. Wa Kampala na Entebbe wana bustani ya mimea pale ziwani. Aliyeko Gulu, zaidi ya kilomita 300, asibebeshwe safari ya kwenda na kurudi siku moja. Anzeni saa nne asubuhi, mmalize saa tisa alasiri, ili wa mbali afike kabla ya giza.

Mchango wa chakula utumwe kwa mzazi mmoja mweka hazina, na kila mtu aongeze ya kutolea. Kutoa pesa kwenye simu kuna ada ya mtandao na ushuru wa nusu asilimia juu yake, na mweka hazina anayefidia kutoka mfukoni hatakubali mara ya pili. Tangazeni kiasi wiki mbili mapema. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na soda zinatosha, na mkikodi ukumbi nusu ya watu hawataweza kuja.

Daftari lije. Madarasa yamebadilika, wa nyota sasa wana shule, namba mbili tatu hazipo tena. Ukurasa wa aliyekosa kuja msiuruke: mpigieni hapo hapo, kila mtu aongee naye dakika moja, kabla watu hawajaanza kutafuta boda.