Namba ya NIDA haijumlishwi

Katibu wa kikundi cha wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, ameniandikia juzi. Orodha ya wanachama 62 imerudishwa na mkopeshaji kwa sababu namba zote za NIDA (za kitambulisho cha taifa) zinaishia na sifuri tano. Kikundi kizima kinamlaumu dada wa steshenari. Mwacheni dada wa watu. Alichapa sawasawa, aliyeharibu ni Excel.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiona tarakimu tupu inadhani umeiletea hesabu, na kwenye hesabu inatunza tarakimu 15 tu. Ukibonyeza Enter, tano za mwisho zinageuzwa sifuri na kwenye seli unaona 1.99E+19. Hapo wengi hubadilisha fomati kuwa Number, namba ndefu inajitokeza, wanaridhika. Tazama mkia: 00000. Hata ukigeuza kolamu kuwa Text sasa hivi, zilizopotea hazirudi. Ni kuvisaka vitambulisho upya, kimoja kimoja, na nusu ya wenyewe wako Ukerewe.

Namba ya simu ina nafuu. Inayopotea ni sifuri ya mbele, na ="0"&C2 kwenye kolamu ya pembeni inairudisha (C2 ni seli yenye namba ya simu).

Kwa NIDA, dawa hutangulia kuchapa. Bofya herufi ya kolamu juu kabisa, bonyeza Ctrl+1, chagua Text, kisha OK. Ndipo uanze. Kwa seli moja mbili, tanguliza ritifaa (') kabla ya namba. Kwenye karatasi haitokei. Kipembe cha kijani kitakachojitokeza kwenye kona ya seli kiache kama kilivyo. Ukikubali Convert to Number, umerudi kulekule.

Wapo wanaochapa na vistari kama kitambulisho kinavyoonyesha, na namba inasalimika kwa kuwa Excel inaona maandishi. Shida inakuja mkopeshaji akitaka isiyo na vistari. Ukivifuta kwa Ctrl+H (tafuta na ubadilishe), Excel inaweza kuisoma upya kama hesabu na kuukata mkia. Tumia =SUBSTITUTE(B2,"-","") pembeni (B2 ni seli yenye namba ya NIDA), jibu lake hubaki maandishi.

Faili la CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) nalo usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Fungua Excel tupu, ingia Data, kisha From Text/CSV, na kabla ya kukubali chagua Do not detect data types. Ukilifungua kwa pupa halafu ukasevu, hata nakala uliyotumiwa umeiua.

Kabla ya kutuma, andika =LEN(B2), inayohesabu tarakimu, na uivute hadi chini. Isiyotoa 20 ina kasoro. Lakini sifuri tano nazo zinahesabiwa, kwa hiyo macho yapite mwishoni mwa namba pia.

Kuna mtego mwingine ambao hata wajuzi wanauingia. Ukitafuta waliojirudia kwa COUNTIF, Excel hulinganisha tarakimu 15 za mwanzo tu, hata kama kolamu ni Text. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo watu wawili waliozaliwa siku moja na kujiandikisha eneo moja wanaweza kuonekana mtu mmoja, na mmoja akafutwa kwenye mkopo bila kosa. Andika =COUNTIF(B$2:B$63,B2&"*"), kile kinyota kinailazimisha isome namba yote.

Na nyie makatibu, acheni kumrushia mchapaji picha 62 za WhatsApp saa kumi na moja jioni mkitaka orodha saa kumi na mbili. Picha yenyewe ina ukungu, 3 na 8 hazitofautiani, na hakuna fomula itakayowaokoa hapo. Mmoja asome kwa sauti kutoka kwenye kadi, mwingine afuate kwenye skrini, kumi kumi. Wakimaliza, faili liende kama .xlsx, si CSV.