Dawa ya kulegeza misuli: inachelewa au inakawia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, Tanga. Ndugu wa wagonjwa wazee hutuuliza kwa nini mzee wao hajaamka vizuri baada ya operesheni. Mimi huwajibu, "Dawa ya kulegeza misuli inachelewa kumtoka." Mwenzangu anasema tuseme "dawa ya kupoozesha", na kwamba "kuchelewa" hapo si mahali pake. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye neno la kwanza niko upande wako. Kwenye la pili, mwenzako kaona kitu.

Kwa ukali wa tiba, "kupoozesha" ni kweli: dawa hii huondoa nguvu za misuli kabisa, hata ile ya kupumua, ndiyo maana mgonjwa hupumuliwa na mashine. Lakini masikioni mwa familia, kupooza ni kiharusi. Ni jirani aliyepotelewa na mkono na mguu wa upande mmoja na hakuvipata tena. Kulegeza kuna mwenzake, kukaza. Kamba iliyolegezwa hukazwa, na anayesikia "kulegeza" husikia pia kwamba kuna kurudi. Ila taja misuli kila mara. Ukisema "mzee amelegea", watu wataelewa kwamba hali yake imekuwa mbaya.

Sasa kuchelewa. Kitenzi hiki kimezaliwa na -cha, ile ya "kumekucha": aliyechelewa ni aliyekuchewa, mapambazuko yakamkuta hajafika. Ndani yake mna miadi iliyopita. Kukawia hakuna miadi. Ni kuchukua muda mrefu tu. Wahenga walizitenga: "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako" ni onyo, ilhali "Kawia ufike" ni ruhusa. Ndugu akisikia "inachelewa" huanza kutafuta kosa la mtu. Akisikia "inakawia" husubiri.

Na mwili wa mzee hufanya yote mawili, kila moja kwa wakati wake. Dawa inapochomwa mshipani husafirishwa na damu hadi kwenye misuli, na moyo wa mzee kwa kawaida husukuma damu polepole zaidi. Basi hapo mwanzoni dawa huchelewa kushika, na neno linafaa kabisa, kwa sababu daktari wa usingizi anaihesabia muda na muda umepita. Akikosa subira akaongeza kipimo, mwishoni itakawia zaidi.

Kuna usemi mwingine ninaousikia wodini: "Dawa imemzidi nguvu mzee." Uacheni. Misuli ya mzee haishindwi na dawa kuliko ya kijana; kiasi kilekile kikiwamo katika damu, huilegeza karibu sawasawa. Kilichobadilika ni muda dawa inaokaa mwilini. Hapo ndipo penye uhondo wa sarufi, nami ningependa ukae napo.

"Kumtoka" kunamficha mtendaji, kana kwamba dawa hujitokea yenyewe kama jasho. Rokuroniamu na vekuroniamu, ambazo ni dawa za kulegeza misuli, haziendi hivyo. Hizo hutolewa, na watoaji ni ini na figo. Damu inayopita kwenye ini hupungua kadiri umri unavyosonga, na uwezo wa figo kuchuja, kwa makadirio ya kawaida, hushuka kama asilimia 1 kila mwaka kuanzia miaka ya 40 hivi. Kwa hiyo kwa bibi wa miaka 80 dawa hukawia kutolewa, hata kama hajawahi kulalamikia figo. Atrakuriamu na sisatrakuriamu ni habari nyingine: hizo, kwa sehemu kubwa, hujivunja zenyewe kwa joto na hali ya damu, bila kusubiri ini wala figo, na kwa hiyo umri hauzirefushi sana. Angalia kiambishi -ji- kinavyobeba tofauti nzima! Nyingine hutolewa, nyingine hujivunja. Kwa hiyo uliza kwanza mgonjwa alipewa ipi, ndipo uchague kitenzi.

Kuna jambo moja mlilolipita nyote wawili. Ndugu wameuliza kuhusu kuamka, wewe umejibu kuhusu misuli. Dawa ya kulegeza misuli hailazi mtu wala haiondoi maumivu. Kazi hizo zina dawa zake. Mzee anaweza kuwa macho, anasikia kila neno, na kichwa hakimnyanyukii. Ukiiita dawa hii "ya usingizi", unawafanya watu waongee juu yake kama hayupo. Ndiyo maana daktari haridhiki kwa kuona macho yamefunguka. Hupima kwa kifaa kinachosisimua neva mkononi mara nne, na huridhika pale mtikisiko wa nne wa misuli unapofikia angalau asilimia 90 ya ule wa kwanza. Pungufu ya hapo, kupumua na kumeza mate bado kuna hatari, na huenda ikahitajika dawa ya kurudisha nguvu, kama neostigmini au sugamadeksi.

Basi kama amepewa rokuroniamu na ulegevu bado upo, waambie hivi: "Misuli ya mama yenu bado imelegea kwa dawa. Kwa umri wake, ini na figo hukawia kuitoa. Tunampima hadi nguvu zirudi. Huenda anawasikia, kwa hiyo zungumzeni naye."