Mpira ukianguka kati ya wawili, usilaumu mikono

SWALI: Nafundisha timu ya wasichana ya mpira wa wavu shuleni. Wapokeaji wangu ni watano, kila mmoja nimemchorea eneo lake kwa chokaa, na kila asubuhi wanapiga mpira ukutani mara mia. Lakini kwenye mechi, mpira wa kuanzisha unaanguka katikati ya wawili huku wanatazamana. Niwape mazoezi gani ya mikono?

JIBU: Mwalimu, mikono iache kwanza. Swali hili naulizwa kila msimu, na kila mara linaulizwa kwa mikono. Wasichana waliotazamana hawakuugusa mpira, sasa mikono yao imekosa nini? Kosa liko kwenye hiyo chokaa. Ulipochora mpaka, ulichora pia mahali ambapo mpira hauna mwenyewe, na mpinzani mwenye akili atalenga papo hapo.

Wagawie mianya, si maeneo. Kila wawili waliopakana wakubaliane kabla filimbi haijalia: ukija mfupi katikati yetu ni wako, ukija mrefu ni wangu. Mmoja anaingia mbele, mwenzake anapita nyuma yake, hawagongani. "Wangu!" isikike kabla mpira haujavuka wavu. Ikisikika mpira ukiwa umefika kifuani, haimsaidii mtu. Na asiyepokea asisimame kama mgeni. Amgeukie mwenzake na amwambie "nje!" mpira ukienda nje, maana mpokeaji anautazama mpira, mstari hauoni.

Tena watano ni wengi kwa upande wenu wa uwanja, mita 9 kwa 9. Kila unapoongeza mtu unaongeza mwanya. Wanaume wa Marekani waliotwaa dhahabu ya Olimpiki Los Angeles mwaka 1984 waliwaachia kazi ya kupokea watu wawili, Karch Kiraly na Aldis Berzins. Wewe anza na watatu, libero (yule mchezaji maalumu wa kulinda nyuma) akae katikati na achukue sehemu kubwa zaidi. Waliobaki wajibanze pembeni au karibu na wavu, ila wasivunje mpangilio wa mzunguko mpaka mpira wa kuanzisha upigwe. Ukishapigwa, wako huru kuhama.

Kinachonikera ni hawa wanaouza "mikono ya chuma kwa wiki mbili" kwenye video za simu: mtu mmoja, mpira mmoja, ukuta mmoja. Ukuta haumuulizi mtu mpira huu ni wa nani. Wabaya zaidi ni makocha wanaowakimbiza wachezaji raundi za uwanja kwa kila mpira ulioanguka. Msichana akiadhibiwa mara mbili, anaelewa upesi kwamba asiyegusa hana kosa. Mpira ukija, anarudisha mguu nusu hatua nyuma. Mtazame vizuri, utauona. Nimeshaona timu nzima imefikia hapo, libero anahangaika peke yake kutoka mstari hadi mstari na wenzake wameinama, viganja magotini, wanangoja aukose.